Tangawizi Tuliyoiosha

Namshukuru Mungu, anayekuza chini ya udongo vitu tusivyoviona mpaka siku ya kuchimba, aliyenipeleka Majimoto na kunirudisha Magamba nikiwa na meno yangu machache na akili zangu zote. Sifa ni zake kabla sijasema neno langu mwenyewe.

Rafiki zangu wa jumuiya, na nyie wa Mpanda mjini mlionipigia simu mkiuliza, "Mwalimu, kulitokea nini huko?", nimeona heri niandike. Kwenye simu salio linakwisha kabla habari haijafika hata Sitalike.

Kijitoni

Mnanijua kuwa katekista, na baada ya kustaafu ni mkulima wa bondeni. Miaka miwili iliyopita nilianza kuwaambia majirani kwamba tangawizi inaota vizuri kwetu kwenye unyevu, na haimtesi mtu kama tumbaku. Wengi walicheka. Aliyenisikiliza ni Mama Regina, mjane, ambaye shamba lake na langu yanatenganishwa na kijito. Miaka mingi amekausha tumbaku, akikoka moto na kuulinda siku baada ya siku, mpaka kifua chake kikawa kinapiga filimbi akipanda kilima. Msimu uliopita aliacha tumbaku kabisa, akapanda tangawizi shamba zima.

Shemeji yake, Baba Kulwa, hakupenda. Siku tunachimba alisimama ukingoni akasema, "Sawa, Mwalimu. Mpelekeni sokoni. Akirudi mikono mitupu, wiki hiyohiyo namwandalia kitalu cha tumbaku. Mbegu ninayo."

 Mama Regina alichimba tu. Basi mjue tangu mwanzo kwamba hicho ndicho tulichokibeba garini: magunia manane, matano yake na matatu yangu, na juu yake neno langu.

Kabla ya hapo tulikuwa tunamuuzia mtu wa pikipiki, aliyekuja na ndoo yake mwenyewe, pana kuliko ndoo zote za Magamba. Ndipo tukasikia kwamba Majimoto, kwenye mpunga mwingi na ng'ombe wengi, tangawizi ni shida kuipata. Tukaamua kwenda wenyewe.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ya mavuno kanisani sote tunaosha mazao kabla ya kuyapeleka altareni. Hakuna anayepeleka muhogo na matope yake. Nikasema, kama tunamwoshea Mungu, na mnunuzi naye tumwoshee. Tukaipeleka tangawizi yote kijitoni, tukaisugua kwa magunzi mpaka ikang'aa kama vidole vya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Jioni hiyohiyo, ikiwa bado inachuruzika maji, tukaijaza kwenye magunia ya salfeti, yale ya plastiki, na kuyashona. Nilisimama nikayatazama yale magunia, nikajisikia vizuri kupita kiasi.

Magamba hadi Sitalike

Tuliondoka Jumatatu kwa Fuso ya Shija, Msukuma wa makamo, mcheshi, anayeendesha huku akizungumza na gari lake. Mama Regina alikataa kukaa mbele. Akakaa juu ya magunia yake, kitenge kichwani, kama anatamia mayai.

Mpanda tulisimama tu kwa mafuta na mkate. Baada ya mji barabara ikanyooka kusini, na miombo iliyopukutisha majani ikasimama pande zote mbili, myembamba, ya rangi ya majivu. Vumbi letu lilibaki nyuma limening'inia hewani, likipigwa na jua, hata ikawa kama tunakokota pazia. Nilisinzia. Katikati ya usingizi nikaanza kusikia harufu ya tangawizi, tamu na ya moto, ikiingia dirishani. Nikaota nimo kanisani na ubani wetu umebadilishwa.

"Mzee, unaisikia?" Shija akasema. "Gari limegeuka chai."

Tulicheka. Tuliisifu harufu ile njia nzima, hakuna aliyejua kwamba tunasifu jasho la kitu kinachoanza kuoza.

Karibu na Sitalike ukasikika mlio chini yetu, na Fuso ikaegemea upande kama mtu aliyeshikwa na ganzi ya mguu. Springi ilikuwa imekatika. Shija akalala chini ya gari, akatoka, akajifuta.

"Nyie pumzikeni. Naifuata springi Mpanda kwa bodaboda. Nitarudi sasa hivi."

Sasa hivi yake ilikuwa siku mbili.

Sitalike, tukimsubiri Shija

Kiangazi viboko wa Sitalike hujazana kwenye tope lililobaki mtoni, mgongo juu ya mgongo, na hunung'unika mchana kutwa kama wazee waliokosana juu ya urithi. Nilikaa kwenye ukingo salama nikiwasikiliza. Nilisali rozari yangu, na kila nilipofika mwisho wa fungu, mmoja wao aliitikia.

Tulikula kwa mama lishe mmoja karibu na gari: ugali, samaki wa kukaanga, migebuka, na maharage yaliyotiwa chumvi na mtu mwenye mawazo mengine. Siku ya pili asubuhi nilikuta watu sita wamekaa mstari pembeni ya Fuso. Nikawasalimu, wakaitikia kwa heshima kubwa. Mzee mmoja akasimama.

"Shikamoo, mganga."

Nami nilikuwa na rozari mkononi! "Marahaba, lakini mimi siye mganga. Mimi ni katekista."

"Hata hivyo," akasema kwa upole. "Harufu tumeisikia tangu jana. Mimi ni mgongo. Huyu mama ni kikohozi. Yule pale hataki kusema mbele za watu."

Wote wakageuka kumtazama yule pale, naye akatazama mto. Nikawaeleza kwamba ni tangawizi ya sokoni tu. Yule mzee akatikisa kichwa kama mtu anayemwelewa mganga asiyetaka makuu. Mwishowe Mama Regina alishuka juu ya magunia, akachomoa vipande kupitia tundu la gunia, akampa kila mmoja kimoja.

"Chemsha, kunywa," aliwaambia. "Na wewe baba unayetazama mto, wewe chemsha mara mbili."

Walicheka mpaka viboko wakanyamaza. Lakini niliona Mama Regina amebaki na kipande kimoja mkononi, anakibonyeza kwa kidole gumba. Alikibonyeza tena.

"Ya moto, Mwalimu," alisema.

"Ni jua."

"Humu ndani ya gunia hamna jua."

 Nilijua kitu kimeanza, nikaamua kutokukijua. Nasema hivyo kwa sababu mliniomba habari yote.

Ndani ya hifadhi

Jumatano asubuhi Shija alifika na springi begani, anaimba, kana kwamba alikuwa ametoka nusu saa. Saa nne tukaingia kwenye hifadhi ya wanyama, maana barabara ya Majimoto hupita katikati yake.

Sehemu hii sijui niwaelezeje. Barabara inapita kwenye msitu, halafu ghafla msitu unafunguka, na uwanda wa nyasi zilizokauka unatandazwa mbele yako, rangi ya ukoko wa mkate, hauna mwisho. Vitambaa vya bluu na vyeusi vya kunasia mbung'o vimening'inizwa mitini, vinapepea polepole, na mtu aliyechoka anaweza kudhani ni nguo za watu walioingia msituni wakasahau kurudi. Mbung'o wenyewe hawakusahau mtu. Walituuma kupitia shati. Mama Regina, juu, alijifunika turubai zima.

Katikati ya njia tulisimamishwa na tembo. Walitoka kushoto mmoja mmoja, bila haraka, bila sauti ya kukanyaga, na Shija akazima gari. Nilianza kuwahesabu, nikaacha. Ndama mmoja alisimama katikati ya barabara, akainua mkonga wake mdogo kuelekea kwetu, akavuta harufu ya gari letu, akatafakari. Mama yake akarudi kumfuata, naye akavuta harufu. Ilikuwa kama wanajadiliana bei. Kisha wakaenda zao, na vumbi lao jekundu likabaki juu ya njia muda mrefu.

"Hao nao wamekataa," Mama Regina akasema kutoka juu.

Nilicheka, yeye hakucheka.

Kibaoni

Tulipofika Kibaoni alimgongea Shija bodi ya gari asimame. Alishuka, akaomba kisu, akapasua mshono wa gunia la kwanza. Mvuke ulitoka. Naandika hivi na mkono wangu bado unakumbuka: nilipoutia ndani, ilikuwa kama kuutia kwenye kitanda cha mgonjwa wa homa. Vipande vya juu viliteleza. Vingine vilikuwa na ukungu mweupe kama ndevu za mbuzi. La pili lilikuwa hivyohivyo. Hatukuthubutu kufungua la tatu.

Shija alitazama, akapiga mluzi mdogo.

"Nani kawaambia muoshe? Tangawizi inasafiri na udongo wake, Mzee. Udongo ndiyo shati lake. Mnunuzi akiiona imeoga namna hii, anajua ni ya kuoza."

Niliufunga mdomo wa gunia kwa mkono.

"Sikilizeni," akaendelea, akipunguza sauti. "Vumbi la hapa ni jekundu, zuri. Hizi ambazo bado ngumu, zipakeni. Zirudi zilivyokuwa. Nani atajua?"

Mama Regina alikwisha kuchuchumaa. Alichota vumbi kwa viganja viwili, akaanza kulisugua kwenye tangawizi, kipande kwa kipande, haraka, kama anayemvalisha mtoto wa shule na kengele imekwisha kulia.

"Mama Regina," nikasema, "tusifanye hivyo."

Hakuinua kichwa. "Mwalimu, uliposema tuoshe, nilikusikiliza. Nilichoosha mimi si neno lako, ni chakula changu. Leo unasema nisipake. Hii tangawizi ni yangu au ya Kanisa?"

"Ni yako."

"Basi niache."

Shija alijifanya anakagua matairi. Nilisimama pale, mtu mzima niliyefundisha Amri Kumi kwa watoto wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuona amri ya kumwambia mwanamke ambaye mimi ndiye niliyemharibia mali. Hatimaye nikasema, "Ni yako, sitakuzuia. Ila mnunuzi akiuliza nani kaosha, nitasema ni mimi."

Alipaka gunia moja zima. La pili alilifikia, akaliangalia, akalishona jinsi lilivyo. Akapanda juu. Kutoka Kibaoni mpaka Majimoto hakunisemesha.

Majimoto, kwa Mama Zuhura

Majimoto ni mji wa pikipiki, mpunga na moshi wa nyama. Tuliuliza muuza viungo, na kila mtu akanyoosha kidole upande mmoja: kwa Mama Zuhura. Kibanda chake kiko karibu na njia ya kwenda mnadani, na mbele yake vimepangwa vifuko vidogo vidogo vya pilipili, manjano, mdalasini na bizari, vimefungwa mafundo kama pipi. Ni mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Karibuni, wazee wangu. Mmeniletea nini?"

Shija, akiwa na nia njema, alishusha kwanza lile gunia lililopakwa. Mama Zuhura akatoa kipande, akakisugua katikati ya viganja vyake. Vumbi lote likadondoka, na ngozi ya tangawizi ikabaki inang'aa. Akaangalia mapengo ya vidole vya tangawizi, pale udongo wa shamba hukaa hata ukipigapiga. Palikuwa safi.

"Hili vumbi la Kibaoni," akasema taratibu. "Nalijua. Kila siku nalifua kwenye nguo za mume wangu. Tangawizi haioti Kibaoni. Nani kaiosha hii?"

"Mimi," nikasema. "Nilidhani naiheshimu."

"Na nani kaipaka?"

 Pikipiki tatu zilipita. Niliwaza niseme mimi tena, na Mungu anajua nilitaka. Mama Regina akasogea mbele yangu.

"Mimi, dada. Ni mjane. Niliogopa kurudi mikono mitupu."

Mama Zuhura alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaanza kucheka, tumbo zima likitikisika.

"Jamani nyie! Mmoja anaiogesha, mwingine anaipaka poda! Mlikuwa mnaniletea tangawizi au bibi harusi?" Akageuka akaita ndani, "Leteni turubai!"

Tulimwaga magunia yote manane uani kwake. Tukachambua mpaka jua linaegemea. Zilizooza zilijaa magunia mawili, tukazichimbia shimo nyuma ya choo. Nikasema hizo zote ni za kwangu.

"Usijifanye Yesu, Mwalimu," Mama Regina akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha tangu Kibaoni. "Tugawane."

Nzima kabisa ilikuwa gunia moja, Mama Zuhura akaichukua mbichi palepale. Mengine matano yalikuwa yameloa, bado magumu, ila hayangefika wiki.

"Hizi mzikate," akasema. "Nyembamba, kama kucha. Mzianike hapa kwangu. Wafugaji wanakuja mnada wa Jumatatu. Wao wanahama na ng'ombe, mbichi inawaozea njiani. Wananiomba kavu kila siku na sina. Visu ninavyo. Mikono mnayo?"

Siku za kuanika

Shija aliondoka na mzigo wa mpunga. Sisi tukabaki. Nilikaa kwenye kigoda nikakata tangawizi tangu sala ya asubuhi hadi alasiri, na vidole vyangu viliwaka mpaka nikawa siwezi kugusa jicho. Mama Zuhura alitupa wali wa Majimoto wenye harufu yake yenyewe, na akina mama wa jirani walikuja kuangalia katekista anayekata viungo, wakaondoka na habari.

Jioni moja nilikwenda kwenye chemchemi. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto, mvuke unatembea juu ya nyasi na hakuna anayeuchochea. Nilitia miguu pembeni kwenye mfereji uliopoa, nikakaa. Ng'ombe walipita mbali ndani ya mvuke, nusu wanaonekana, pembe tu na kengele. Nilifikiri: hapa moto unafanya kazi bila moshi. Nikamwombea Mama Regina kifua chake, nikaomba pia nisiwe tena na haraka ya kuwafundisha watu nisilolijua. Sikusikia jibu. Nilisikia raha tu, ambayo kwa umri wangu ni jibu tosha.

Jumapili nilisali na wenyeji, nikarudi nikageuza vipande. Vilikuwa vimejikunja, vyeupe, vinalia kwenye kiganja kama vigae vidogo. Tulipovikusanya, magunia matano yalikuwa yamekuwa gunia moja, tena lisilojaa.

Mama Regina aliliangalia kwa muda mrefu. "Mwalimu," akauliza kwa sauti ndogo, "tangawizi yangu imekwenda wapi?"

"Imekwenda juu," nikamwambia, nikaonyesha jua. Hakufurahi.

Jumatatu mnada ulijaa. Mama mmoja wa kifugaji, mrefu, bangili hadi kwenye kiwiko, alitafuna kipande kikavu, akafumba macho, akakohoa, akacheka. Kisha akataka vikombe kumi. Nyuma yake walisimama wenzake. Nilitaka kuwaeleza jinsi ya kutumia, lakini Mama Regina alikuwa amekwisha kunipita. Alikuwa anapima kwa kikombe cha Mama Zuhura, anasawazisha mdomo wa kikombe kwa kiganja, haongezi nundu wala hapunguzi, anabishana kwa Kisukuma chake cha kuokota. Saa nane gunia lilikuwa limekwisha. Nilisikia anamuuliza Mama Zuhura, bila kunitazama: "Msimu ujao nilete kiasi gani?"

Nyumbani

Tulirudi Magamba bila kuvunjika kitu. Watu walikusanyika uani kwangu kabla sijanawa uso, na Baba Kulwa alikuwa wa mbele.

"Haya, Mwalimu. Tuambie. Niandae kitalu au nisiandae?"

Nikasafisha koo. Mnanijua, nimezoea kusimama na kusema, na watu wamezoea nikisema. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari.

"Shemeji," Mama Regina akasema kutoka nyuma yangu, "mbegu yako ya tumbaku mpe anayeitaka."

Akaja mbele. Akawaeleza yote: kijito, ndevu za ukungu, vumbi la Kibaoni. Hakulificha hata lile la kupaka, na watu walicheka, naye akawaacha wacheke. Akawaeleza unene wa kipande, siku za jua, na kwamba Majimoto wanataka magunia mawili makavu, na kwamba hayo ni magunia kumi ya kuchimba, na yeye peke yake hawezi.

"Anayetaka kuingia, aje kesho bondeni na jembe. Na kisu chake mwenyewe, mimi sina vya kuazima. Hatuoshi kitu kabla ya siku ya kukata."

Baba Kulwa alikuna kidevu. "Kavu wananunua hivyo?"

"Njoo uone, shemeji. Kukata unajua?"

Nilikaa chini. Hakuna aliyeniuliza chochote jioni ile, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku ile nilipokuwa natazama magunia yangu yanang'aa. Kifua cha Mama Regina bado kinapiga filimbi, msimu mmoja hauwezi kukinyamazisha. Asubuhi yake nilipokuwa nasali niliisikia hiyo filimbi inapita mlangoni kwangu kuelekea bondeni, na nyuma yake miguu ya watu wengi.

Wewe unayesoma, popote ulipo, Mungu akupe ardhi inayokujibu, akulinde njiani na kwenye mizani, akupe jirani mwenye ujasiri wa kukupinga ukikosea, nawe akupe sikio la kumsikia. Abariki mikono yako na waliomo nyumbani mwako. Amina.